Diski na Vipimo Vyake: Kutoka RAMAC hadi Seva Pepe

Diski ya kwanza ya kompyuta kuingia sokoni ilitengenezwa na IBM huko San Jose, California, mwaka 1956, ikiwa sehemu ya mashine ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika na kuhifadhi herufi milioni 5. Mkono wa kusomea ulipanda na kushuka kuifuata sahani iliyotakiwa, hivyo kila ombi lilichukua wastani wa milisekunde 600.

Tangu wakati huo ujazo wa diski umeongezeka mara mamilioni, lakini kasi haikwenda nao sambamba. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko kwa milisekunde 8.3, na data husubiriwa kwa wastani wa nusu ya muda huo. Ukijumlisha mwendo wa kichwa cha kusomea, diski hiyo humudu maombi 80 hivi kwa sekunde data ikiwa imetawanyika. Data ikiwa imefuatana, diski hiyo hiyo husoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa hiyo vipimo ni vitatu: idadi ya maombi, kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, na muda wa kusubiri.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza RAID, mbinu ya kuunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, huku data ikikingwa diski moja ikiharibika. Kinga hiyo ina gharama: katika RAID 5, kuandika mara moja huzaa kazi nne, mbili za kusoma na mbili za kuandika.

Kampuni ya VMware ilipotoa ESX mwaka 2001, programu inayoigawa mashine moja kuwa seva pepe kadhaa, seva hizo zilianza kugombania diski zilezile. Chukua seva pepe 20, kila moja ikituma maombi 50 kwa sekunde, asilimia 30 yakiwa ya kuandika. Maombi 700 ya kusoma na 300 ya kuandika huwa kazi 1,900 ndani ya RAID 5. Diski ya mizunguko 15,000 humudu kama 180, hivyo zinahitajika 11, hata kama data yote ingeenea katika mbili.

Diski za flashi, zisizo na sahani, zimepandisha uwezo hadi mamia ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Kanuni haijabadilika: pima kwanza maombi ya saa zenye shughuli nyingi, ndipo uhesabu ujazo.