Miwani ya Jua katika Delta ya Rufiji

MIWANI YA JUA ni miwani ambayo vioo vyake hupunguza ukali wa nuru na, ikiwa imetengenezwa kwa uaminifu, huzuia pia mionzi ya urujuanimno isifike jichoni. Na kazi hizo mbili, ingawa mnunuzi huzichukulia kuwa moja, kila moja ina njia yake.

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji, i karibu na nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, hata jua huwa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Na delta ya Rufiji iliyomo wilayani humo, yenye mikoko ya hekta zipatazo 53,000, ni nchi ya maji, ya tope linalomeremeta maji yakupwapo, na ya mabonde ya mpunga ambamo mlinzi hushinda juu ya dungu akiamia ndege. Aghalabu watu hudhani kuwa saa 6 adhuhuri ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Kwa ngozi ni kweli. Lakini jua la utosini huzuiwa na nyusi na ukingo wa kofia ya ukili, ilhali mnamo saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, likiwa limeinama kiasi cha kumkabili mtu usoni, huingia jichoni bila kizuizi, kama ajuavyo kila aliyetoka bandari ya Nyamisati asubuhi kuelekea kisiwa cha Mafia. Wingu jembamba nalo si kinga, maana huweza kupitisha hata asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno.

Madhara ya mionzi hiyo huja polepole. Mtoto wa jicho, ambaye uzee humleta kwa vyovyote, huharakishwa na jua la miaka mingi; na wavuvi na wakulima hupatwa pia na kinyama kinachoota pembeni mwa jicho, aghalabu upande wa pua, kikatambaa kuelekea katikati. Kwa nini upande wa pua? Kwa sababu nuru iingiayo kutoka upande wa sikio hupindwa na uso wa mbele wa jicho, ikakusanywa penye ukingo ule wa pili. Ndiyo maana miwani bapa yenye vioo vidogo, ingawa hupendeza, haifai kitu kando, na iliyo bora ni ile pana, iliyopinda hadi karibu na masikio.

Mnunuzi wa stendi huinua miwani, akaitazama mbingu kupitia kioo, na akiona giza huridhika. Hapo ndipo anapokosea. Nyuma ya kioo cheusi mboni hupanuka, kama ipanukavyo mtu aingiapo ndani ya nyumba kutoka kiwanjani, na kioo kisipozuia urujuanimno, mionzi hupata mlango mpana kuliko ambao ingeupata kwa jicho tupu lililokunjwa. Weusi, basi, si kipimo, wala bei si kipimo: plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, hata ikiwa nyeupe kama maji, huzuia karibu mionzi yote. Alama ya kutafutwa ni UV400, yaani kuzuia mionzi hadi nanomita 400. Lakini karatasi hubandikwa na yeyote, na mwenye kutaka yakini sharti aipeleke miwani yake kwa mtaalamu mwenye chombo cha kuipima. Vioo vya polaraidi huondoa mng'aro wa maji, na nahodha huona fungu lililo chini mapema zaidi. Peke yake, hata hivyo, sifa hiyo haimhakikishii kinga ya mionzi. Vioo vyeusi mno, vinavyopitisha asilimia 3 hadi 8 tu ya nuru, havimfai dereva, sembuse mwenye bodaboda magharibi ikiingia. Watu wenye ualbino, ambao macho yao hayana rangi ya kutosha ya kuikinga nuru, wanahitaji miwani ya jua tangu utotoni.

Baharini miwani hufungwa uzi kisogoni, kwa kuwa ikidondoka katika tope la mikoko haionekani tena. Na ikikaukiwa na maji ya chumvi huoshwa kwanza kwa maji matamu, ndipo ifutwe kwa upindo wa kanga, maana chembe za chumvi hukwaruza kioo.