Ukiona Vyaelea, Vimeundwa, Lakini Vimeundwaje?

Ukifika pale Feri, jijini Dar es Salaam, alfajiri wakati samaki wanateremshwa, utakuta macho ya kila mtu yako kwenye matenga. Huyu anapigania changu, yule anauliza bei ya nguru, wa tatu anabishana na mchuuzi juu ya fungu la dagaa. Vyombo vilivyowaleta samaki hao vimeegeshwa hapo hapo ufukweni, hatua chache tu kutoka mnadani, lakini hakuna anayevitupia jicho. Mtu hununua kitoweo chake, akapanda daladala akaenda zake.

Wahenga walituachia methali: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tunaifundisha shuleni na tunaitumia kumwonya kijana anayetamani mali ya mwenziwe bila kujua jasho lililoipata. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kujibu swali dogo linalofuata: vimeundwaje? Kwa zana gani, kwa mti gani, na kwa mikono ya nani? Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma mazungumzo haya gazetini, leo tulichungulie swali hilo, maana jibu lake linatoweka tukiwa tunalitazama.

Tuanzie mbali kidogo. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa huko Misri, aliyeandika kwa Kigiriki, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi. Kitabu hicho kinajulikana kwa jina la Periplus. Anapoifikia pwani yetu anakitaja kisiwa kimoja alichokiita Menouthias, ambacho wanazuoni wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Huko, asema, kulikuwa na mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja na vyombo vidogo vya kushona, na wenyeji walivitumia kuvua samaki na kukamata kasa. Kisha anautaja mji wa mwisho wa biashara katika pwani hii, Rhapta, na anaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo hivyo hivyo vilivyoshonwa.

Hebu fikiri. Tukiacha watawala na pembe za ndovu, mji mzima ulipewa jina la kazi ya fundi wa vyombo! Miaka 1400 baadaye, mwezi Machi mwaka 1498, Wareno wa Vasco da Gama walipotia nanga kisiwani Msumbiji, mmoja wao aliandika kwamba vyombo vya nchi hii havina misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba na matanga yake ni ya ukili uliosukwa. Katika muda wote huo ufundi ulikuwa ule ule.

Kwa nini kushona? Zamani ilienea hadithi kwamba chini ya Bahari ya Hindi kuna miamba ya sumaku inayovuta misumari na kukiacha chombo kikifumuka vipande vipande. Mwanahistoria Procopius, katika karne ya sita, aliikataa hadithi hiyo. Alisema merikebu za Warumi zenye vyuma zilipita katika bahari hiyo bila kudhurika. Sababu aliyoitoa yeye ni kwamba watu wa huku hawakuwa na chuma.

Hapo mzee Procopius naye aliteleza. Chuma kilikuwapo. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa ni wachimbaji na wauzaji wa chuma. Watu wetu walishona huku chuma wakikijua. Wala hawakuwa wajinga. Pwani yetu haikuwa na magati ya mawe. Chombo kilisubiri maji kujaa, kikasogea ufukweni, maji yakitoka kikalala mchangani na mzigo wake. Chombo kilichoshonwa kinanyumbuka. Kikigusa mwamba au kikibamizwa na wimbi, mbao zinapeana nafasi, hazipasuki. Tena kamba ya nazi haiozi upesi katika maji ya chumvi, na mnazi uko mlangoni. Msumari ulitaka fedha. Kamba ilitaka subira.

Chombo kikubwa na mashuhuri kuliko vyote vya aina hiyo ni mtepe, uliokuwa ukiundwa hasa na Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu. Waunzi hawakuanza na mifupa ya chombo kama wafanyavyo wengi siku hizi. Walilaza mkuku, wakapandisha ubao juu ya ubao mpaka ganda zima likasimama, ndipo wakatia mataruma, yaani mbavu za ndani. Kila ubao ulichongwa ukingo wake ukae sawasawa na wa mwenzake, ukashikizwa kwa vijiti vya mti vilivyopigiliwa ndani ya unene wa mbao. Kisha fundi alishika keekee, ile zana ya kutobolea inayozungushwa kwa uta, akatoboa matundu kandokando ya maungio. Kamba ikapitishwa, ikakazwa, tundu likazibwa. Tanga lilikuwa jamvi la pembe nne. Ndani ya mtepe huo zilipakiwa boriti za mikoko kwa safari ya Unguja.

Na ile kamba ilitoka wapi? Hapa ndipo historia yetu inapopenda kuruka ukurasa. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wa pwani, mahali panapofikwa na maji, yakakaa humo miezi mingi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa magongo, ukapatikana usumba, na usumba ukasokotwa kuwa kamba. Kazi hiyo mpaka leo katika vijiji vya mashariki ya Unguja utaikuta mikononi mwa akina mama, wameinama kwenye matope maji yakiwa yametoka. Na ukili wa mikeka na majamvi husukwa na akina mama hao hao. Kwa hiyo tunaposema kwamba chombo ni kazi ya wanaume, tunasema nusu ya kweli. Chombo cha kushona kiliundwa na kijiji kizima.

Msumari wa dukani ulipokuwa rahisi, chombo cha kushona kilianza kushindwa. Hatukisifu kupita kiasi: kilivuja sana, mabaharia walikuwa hawana budi kuyafua maji mchana na usiku, na kamba zake zilipochakaa ilibidi kushona upya. Mashua na jahazi za misumari zilibeba mzigo bila usumbufu huo. Ilipofika miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha katika bahari hii. Hakuna aliyetangaza msiba. Fundi mmoja alikufa, mwingine akazeeka, vijana wakajifunza kupigilia misumari, basi.

Matokeo yake yalionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Zanzibar, ilipotakiwa kuundwa mtepe mmoja wa maonyesho uwekwe katika jumba la Beit el Ajaib. Fundi aliyewahi kuushona mtepe hakuwapo tena. Ilibidi kurejea kwenye mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho, na kwenye maandishi na michoro iliyoachwa na wageni. Ufundi tuliokuwa nao kwa miaka elfu mbili, tukausoma kwa watu waliopita njia! Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lenyewe la Beit el Ajaib iliporomoka. Makumbusho nayo si sanduku la chuma.

Sasa tuache ya kale, twende ufukweni leo. Siku chache zilizopita nilichukua kinasa sauti changu, nikaenda katika kijiji kimoja cha wavuvi kaskazini mwa jiji, kumtafuta mzee mmoja anayechonga mitumbwi. Nilimkuta chini ya mkungu, tezo mkononi, miguu peku. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa hapo, usikalie zana."

Nilimwuliza anaanzaje kazi. Akasema anaanza kwa kuutazama mti. Kwa mtumbwi anapenda mwembe mzee, kwa kuwa una shina nene, ni mwepesi kuchongeka na mbao yake inavumilia maji. Gogo huchongwa kwanza kwa shoka, umbo la nje likipatikana hufukuliwa ndani, kisha huburutwa hadi pwani kwa msaada wa vijana wa kijiji, waliopikiwa wali. Hapo ndipo tezo linapofanya kazi ya kweli, kipande kwa kipande, ukuta ukipungua unene. Ukiuacha mnene, mtumbwi unakuwa mzito. Ukizidisha kuchonga, umetoboa, na gogo zima limekuwa kuni.

"Unajuaje ukuta umefika unene wake?" nikamwuliza. Hakunijibu kwa maneno. Aligonga kwa kifundo cha kidole karibu na omo, akagonga katikati, akagonga tezini. Sauti tatu. "Umesikia?" Nilijitia kusikia. Nilipofika studio nikairudia kanda ile mara nne, na nakiri mbele yenu kwamba sikuisikia tofauti. Yeye anaisikia kwa sababu alikaa kando ya mjomba wake tangu akiwa mtoto, akigonga.

Mtumbwi ukitaka kuwa ngalawa, huongezewa mbao za kupandisha kimo, ukatiwa mlingoti na tanga, na kila ubavu ukapewa tengo, ule ubao unaogusa maji kukizuia chombo kisipinduke, ukishikwa na miti miwili iliyokingama iitwayo mirengu. Wanazuoni wengi wanaamini kwamba matengo hayo tulirithi kwa mabaharia wa visiwa vya Indonesia, wale waliovuka bahari na kukaa Madagaska. Mvuvi anayetoka na ngalawa yake asubuhi amepanda historia ya bahari nzima.

Mashua ni habari nyingine. Hiyo hutaka mbao za kupasuliwa, na mataruma yenye mpindo wa asili, kama ya mlilana au mkomafi. Fundi huenda porini kutafuta tawi lililopinda lenyewe vile anavyotaka, maana mpindo wa msumeno hukata nyuzi za mti na taruma huvunjika. Msumari kabla ya kupigiliwa hutobolewa njia. Baina ya mbao husindikwa pamba iliyolowa mafuta. Kazi hiyo ndiyo kalafati. Chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake huisahau ukishaipata mara moja.

Nikamwuliza mzee wangu ana wanafunzi wangapi. Akacheka. Alikuwa naye mmoja, mtoto wa dada yake, kijana mwenye jicho zuri. Sasa anaendesha bodaboda. "Simlaumu," akasema. "Mtumbwi mmoja unanichukua wiki kadhaa, na hela naipata siku ya kushua. Yeye anataka hela ya leo." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: hata kijana angerudi, mti wenyewe wa kumfundishia uko wapi? Miembe mikubwa ya karibu imekatwa kupisha nyumba zetu sisi watu wa mjini. Mikoko iko chini ya ulinzi wa serikali, na ni haki ilindwe, kwa sababu bila mikoko hakuna mazalio ya samaki. Wavuvi wenye uwezo wananunua boti za faiba. Hazihitaji kalafati, wala deheni, wala yeye.

Sisemi mvuvi akatae faiba. Mvuvi ana watoto wa kulisha, na anayemtaka abaki na ngalawa ili sisi tupate picha nzuri, huyo akaishi yeye baharini. Msumari uliushinda mtepe kwa haki, na huenda faiba ikaishinda mashua kwa haki. Ninalosikitikia ni kwamba chombo kinapoachwa, tunauacha pamoja nacho ujuzi wa mkono uliokiunda, kana kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Mwaka 2018, huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishua chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ikiwamo kandambili chakavu zilizotupwa na bahari. Mwaka 2019 kilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Plastiki haikujua kuwa jahazi. Ilifundishwa na watu waliokwisha kujua, kwa ujuzi walioupata kwenye mbao. Mti ulibadilika, mkono ukabaki.

Basi tufanye nini? Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha uashi, useremala na umeme. Mlango mmoja ufunguliwe kwa uunzi wa vyombo, na mwalimu awe mzee kama yule, hata kama hana cheti, maana mjomba wake hakutoa vyeti. Vijiji vya pwani vipande miti ya vyombo kama vinavyopanda minazi. Na sisi wenye kalamu na vinasa sauti twende tukarekodi kabla hatujalazimika kusoma habari za ngalawa katika maandishi ya wageni, kama tulivyofanya kwa mtepe.

Nilipoaga, mzee alinyanyua tezo akaendelea. Kanda ya sauti zile tatu ninayo bado: omo, katikati, tezini. Naitunza, lakini kanda haiwezi kuchonga. Ikiwa kuna kijana popote anayeweza kuisikia tofauti yake, mzee yuko pale pale chini ya mkungu, na gogo bado halijakamilika.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.