Okestra za Taarab Unguja: Kutoka Kasrini Hadi Redioni

Taarab ya Unguja ilianzia kasrini. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, na inasimuliwa kwamba ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Muziki huo ulipata klabu yake mjini mwaka 1905, vijana wa Mji Mkongwe walipounda Ikhwani Safaa. Kwa takriban nusu karne waliimba Kiarabu. Kiswahili kilitangulia kuvuma kwa Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 akiwa na wapigaji wachache tu; wenye okestra walikawia kumfuata.

Kilichozikuza okestra hizo ni redio. Nyimbo za Umm Kulthum kutoka Cairo, na fidla zake zilizopangwa safu, ziliwapa wapigaji wa Unguja kipimo kipya. Fidla ziliongezwa, zikaja besi na akodiani. Redio ya Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, wasikilizaji wakapata nyimbo zao wenyewe hewani.

Mwaka 1958 vijana wa chama cha Afro-Shirazi waliunda kikundi kilichokuja kuitwa Mila na Utamaduni, au Culture Musical Club. Januari 1964 Mapinduzi yalitangazwa kutoka kituo cha redio cha Raha Leo, na baadaye kikundi hicho kikawekwa chini ya wizara ya utamaduni. Nchini Uingereza, shirika la utangazaji la BBC lenyewe liliunda okestra yake mwaka 1930 likamkabidhi mwongozaji Adrian Boult. Lakini Unguja mlezi wa okestra ya Serikali alikuwa wizara, redio ikawa mpaza sauti. Baada ya miaka mingi Culture ilirudi kuwa klabu inayojitegemea.

Uongozi wa klabu una sura mbili. Kamati husimamia wanachama, ala na mialiko. Muziki wenyewe hushikwa na mafundi, kama alivyokuwa Iddi Abdalla Farhan wa Ikhwani Safaa, mtunzi na mwalimu. Onyesho hufunguliwa kwa bashrafu, ala tupu bila mwimbaji. Mpiga kanuni, ala imemlalia mapajani na kucha za kupigia zimefungwa kwenye vidole vya shahada, hupewa nafasi ya taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo. Hapo ndipo wajuzi humpima. Mwimbaji husimama baadaye, na watu huinuka kumtunza.

Tangu 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha kanuni, udi na fidla, na baadhi ya walimu wake wametoka katika klabu hizohizo.