Namna Papa Yoane XXIII Alivyojitayarisha Kufa

Katika nyumba nyingi za Wakristu tunaona desturi hii: waganga wakiisha kutambua kwamba mgonjwa ana kansere isiyoponyeka, jamaa wanaambiwa mlangoni kwa sauti ndogo, lakini mgonjwa mwenyewe anafichwa. Tunasema tunamhurumia. Je, ni huruma kweli? Tutazame habari za Papa mmoja aliyekufa kwa ugonjwa huo.

Angelo Giuseppe Roncalli alizaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, Italia ya kaskazini. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Mwaka 1905, akiwa padri kijana, Askofu mpya wa Bergamo, Giacomo Radini-Tedeschi, alimchagua kuwa sekretari wake. Walikaa pamoja karibu miaka 9. Ndipo Askofu akashikwa na kansere. Saa ilipokaribia, sekretari hakumdanganya baba yake. Alimwambia wazi kwamba safari imefika. Askofu akafa tarehe 22 Agosti 1914.

Roncalli hakusahau jambo lile. Tarehe 29 Juni 1954, alipokuwa Patriarka wa Venezia, naye akiwa mzima bado, aliandika wosia wake wa roho. Humo aliomba radhi kwa wale aliowakosea, akamshukuru Mungu kwa kuwa alizaliwa maskini na atakufa maskini. Tulishike neno hili: wosia si kazi ya mtu anayekata roho. Huandikwa wakati mkono una nguvu na akili imetulia.

Tarehe 28 Oktoba 1958 alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Yoane XXIII. Sisi wa Congo tunamkumbuka hasa, kwani ndiye aliyezigeuza vikarieti zetu za kitume kuwa majimbo kamili, tarehe 10 Novemba 1959.

Mwezi wa Septemba 1962 waganga walimpiga picha za tumbo, na kansere ikaonekana. Papa alitambua kwamba ugonjwa wake ni mzito. Hata hivyo, tarehe 11 Oktoba alifungua Konsilio ya pili ya Vatikano, na tarehe 11 Aprili 1963 alitoa barua yake kubwa juu ya amani, Pacem in terris. Hakuziacha kazi zake, wala hakujifanya mzima.

Zamani alikuwa amemwomba sekretari wake, Loris Capovilla, amwambie ukweli saa itakapofika. Tarehe 31 Mei 1963 Capovilla alitimiza ahadi. Alimwambia kwamba sasa anamtendea kama yeye alivyomtendea Askofu Radini. Hivyo fadhili ya mwaka 1914 ilimrudia mwenyewe baada ya miaka 49.

Siku ile ile Papa aliungama, akapokea Komunyo ya safari na Mpako mtakatifu, akaongea na wale waliosimama karibu, akiwaonyesha msalaba uliotundikwa mbele ya kitanda chake. Ndugu zake wakafika kumwaga. Akafa jioni ya tarehe 3 Juni, siku iliyofuata Pentekoste, wakati watu walipokuwa wakimaliza Misa ya kumwombea katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Tarehe 27 Aprili 2014 Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu.

Sasa tufikiri: kama sekretari angalinyamaza, mgonjwa angalipoteza nini? Angalipoteza siku zile tatu za kuaga na kubariki. Ndizo tunazowanyang'anya wazee wetu tunapowaambia, «Utapona kesho,» hali tumekwisha kununua sanda.

Basi, tumwulize mgonjwa kwa upole anataka kujua nini, tumjibu bila uwongo. Tumpe nafasi ya kutaja madeni yake, na kusema mbele ya mashahidi, au kuandika, nani atalea watoto na nani atakaa katika nyumba, ili mjane asifukuzwe siku ya matanga. Tusimnyime dawa ya kutuliza maumivu. Papa Pio XII aliwajibu waganga tarehe 24 Februari 1957 kwamba ni halali. Na tumwite padri mapema. Konsilio yenyewe ilifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako si wa wale tu wanaokata roho; mtu anayeanza kuwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa au uzee anaustahili tayari.

Wengine wanaogopa kwamba neno la kweli litamwua mgonjwa. Lakini mgonjwa huona nyuso zetu, husikia minong'ono yetu, na mara nyingi amekwisha kujua. Anachokosa ni mtu wa kuongea naye. Tuwe sisi mtu huyo. Mtakatifu Yoane XXIII, utuombee.