Shule Mbili Zilizofanywa Moja

Wazee wetu husema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii twaijua sote, na mwalimu ambaye shule yake imepata kuunganishwa na nyingine amekwisha kuionja. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji habari za shule mbili za mji wa New York, katika Marekani, zilizofanywa moja kwa amri mwaka 1961, lakini hazikukaa chini ya dari moja mpaka mwaka 1984. Hiyo ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa amri ile angaliweza kuwa mwalimu kabla mlango wa shule hiyo moja haujafunguliwa.

Shule ya kwanza ilikuwa ya Muziki na Uchoraji. Aliyeianzisha, mwaka 1936, ni Fiorello La Guardia, meya wa mji huo. Baba yake alitoka Italia, akawa kiongozi wa bendi katika jeshi la Marekani. Kwa hiyo mwana alikua akisikia tarumbeta. Siku zile kazi zilikuwa haba sana, na mwenye kuhesabu fedha angaliweza kuuliza: Je, huu ndio wakati wa kuwafundisha watoto fidla na rangi? La Guardia aliona ndio wakati wenyewe. Watoto wenye kipawa walipimwa, wakachaguliwa, wakapewa masomo yote ya shule pamoja na sanaa yao. Shule ilikaa Harlem, katika nyumba kubwa juu ya kilima, hata wanafunzi wakaiita ngome.

Shule ya pili ilizaliwa miaka michache baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Mwanzilishi wake, Franklin Keller, alikuwa mkuu wa shule ya ufundi, na shule hii ilichipuka katika shina hilo. Ilifundisha kucheza, kuigiza na muziki, ili kijana atoke hali amekwisha kujua kazi. Nyumba yake ilikuwa kuukuu, ya mwaka 1894, katika barabara ya 46, karibu na majumba ya michezo ya Broadway. Kati yake na ile ngome ya Harlem palikuwa na mwendo wa zaidi ya maili nne.

Twaona basi ya kuwa hizi zilikuwa ndugu, lakini ndugu waliolelewa mbalimbali. Zote mbili zilifundisha muziki. Zikiwa moja, desturi ya nani itafuatwa? Tena, amri ya mwaka 1961 haikuleta matofali. Nyumba mpya ilitakiwa, na nyumba hutaka fedha; nao mji, mwaka 1975, ulikaribia kufilisika. Watoto wakaingia, wakahitimu, wakaenda zao, huku shule yao ikiwa moja katika karatasi na mbili machoni pa watu.

Hata mwaka 1984 zikahamia pamoja katika nyumba mpya, jirani na majumba ya Lincoln Center, nayo shule ikaitwa kwa jina la La Guardia, aliyekuwa amefariki tangu mwaka 1947. Wanafunzi wa muziki sasa walipata wachezaji na waigizaji mlango wa pili. Hiyo ni faida kubwa, maana mchezo mmoja wa jukwaani hutaka mwimbaji, mpigaji, mchezaji na mchoraji wa mapazia pia.

Lakini haifai tuhesabu faida peke yake. Harlem ilipokonywa shule iliyokuwa kilimani pake kwa karibu miaka 50. Na hayo majumba ya Lincoln Center, yaliyoanza kujengwa mwaka 1959, yalisimama mahali pa mtaa uliobomolewa, ambapo maelfu ya jamaa maskini, wengi wao watu weusi na watu wa Puerto Rico, walihamishwa. Ile nyumba ya barabara ya 46 nayo iliungua mwaka 1988, ilipokuwa ikitengenezwa upya. Ukuta wake wa mbele ukaokolewa, na baadaye ikawa shule nyingine.

Je, mafahali wale walipigana? Shule ipo hata leo, nayo hufundisha muziki wa ala na wa sauti, uchoraji, kucheza, kuigiza, na ufundi wa jukwaani. Hakuna sanaa iliyofukuzwa zizini ili nyingine ishibe. Labda hiyo ndiyo siri yenyewe. Wenye mamlaka wanapounganisha shule, mara nyingi huuliza ni mkuu yupi atakayebaki na ni jina lipi litakalofutwa. Sisi waalimu na tuulize kwanza, kila moja ilijua kufanya nini kuliko mwenzake, na ni nani atakayekilinda kitu hicho asubuhi ya kwanza, kengele moja itakapolia kwa wote.