Nyota ya Niesky: pambo la Krismasi lililozaliwa katika somo la hesabu

Julai 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipokutana New Delhi, India, mji mdogo wa Herrnhut, mashariki kabisa mwa Ujerumani, uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Uliingia pamoja na Bethlehem ya Pennsylvania, Marekani, na Gracehill ya Ireland Kaskazini, ikaungana na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia mwaka 2015. Yote ni makazi yaliyojengwa na Wamoravian. Habari hiyo ilipita kwetu kimyakimya, na hilo linasikitisha, kwa sababu hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania.

UNESCO ilitazama majengo: kanisa, nyumba za mabweni, makaburi yenye mawe yanayolingana, mpangilio wa mitaa. Lakini urithi wa Herrnhut uliosafiri mbali kuliko wowote unaning'inia kwenye uzi. Ni nyota ya karatasi. Inapofika Jumapili ya kwanza ya Majilio, mji huo huwasha nyota barazani, madirishani na kanisani. Ina ncha 25 zinazochomoza pande zote, na mwanga wake hutoka ndani, hivyo ukiitazama usiku huoni taa, unaona nyota yenyewe ikiwaka. Wajerumani huiita Nyota ya Herrnhut, Wamarekani huiita Nyota ya Moravian. Kwa haki ingeitwa Nyota ya Niesky, maana ndiko ilikozaliwa, na walioitengeneza walikuwa watoto wa shule.

Chanzo cha Wamoravian kinajulikana. Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia walipewa hifadhi kwenye ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Seremala Christian David akaangusha mti wa kwanza, na kijiji kikaanza. Mwaka 1732 wakawatuma wamisionari wawili wa kwanza kisiwani St. Thomas, Karibiani, kwa watu waliokuwa utumwani. Haikupita miaka mingi wakawa Greenland, Suriname na Afrika Kusini. Vitabu vya misheni vimeyaeleza haya mara nyingi. Kilichoelezwa kwa uchache ni jinsi watu hao walivyowatazama watoto, na bila kulielewa hilo nyota haieleweki.

Miaka 25 baada ya Herrnhut kuanza, mkesha mmoja wa mwezi Desemba 1747, watoto walikusanyika kwa ibada huko Marienborn, makazi mengine ya Wamoravian katika jimbo la Hesse. Aliyewaongoza alikuwa Johannes von Watteville, mkwe wa Zinzendorf. Aliwasomea beti walizozitunga wenyewe, akawaeleza kwa maneno mepesi kwamba kuzaliwa kwa Yesu ni moto uliowashwa moyoni mwa kila mmoja wao. Kisha akafanya jambo ambalo mtoto hawezi kulisahau: akampa kila mmoja mshumaa mdogo uliokwisha kuwashwa, umezungushiwa utepe mwekundu, uwe wake. Kumbukumbu za makazi hayo zinaeleza kwamba watoto walirudi vyumbani wakiwa na mishumaa yao mikononi, wakaenda kulala wakiwa na furaha.

Desturi ile haijafa. Ilitapakaa katika sharika za Moravian, na mwaka 1968 ikaingia Kanisa la Anglikana kupitia ibada katika Kanisa Kuu la Lincoln, Uingereza, mshumaa ukiwa sasa umechomekwa juu ya chungwa. Lakini mzizi wake ni ule wa Marienborn: mtoto hakuambiwa akae atazame mapambo ya wakubwa. Aliwekewa kitu mkononi.

Turudi Niesky, mji mwingine wa Wamoravian ulioanzishwa mwaka 1742, si mbali na Herrnhut. Kanisa lilikuwa na shule ya bweni ya wavulana pale. Januari 1821, shule ilipoadhimisha miaka 50, nyota kubwa yenye ncha 110 ilitundikwa ikawaka. Nyota za namna hiyo zinaaminika kuanza kama kazi ya somo la hesabu. Mwalimu wa jometria aliyetaka vijana wake waelewe maumbo yenye pande nyingi hakuishia ubaoni. Aliwapa karatasi, mkasi na gundi. Mtoto anayekata pembetatu nne, akazikunja zikawa ncha moja, halafu akaona ncha yake inaingia kwenye umbo lililopigiwa mahesabu na wenzake, amejifunza kitu ambacho daftari peke yake haliwezi kumfundisha. Walimu wetu wanaolalamika kwamba watoto wanaichukia hesabu wangefaidika kuitazama nyota hii kwa makini.

Karakana inayotengeneza nyota hizo Herrnhut leo ina simulizi yake ya jinsi pambo la sherehe ya shule lilivyogeuka kuwa pambo la Krismasi. Ndiyo simulizi ninayoifuata hapa, kwa sababu inagusa mahali ambapo historia za misheni hupita haraka.

Wamisionari wa Moravian hawakukaa na watoto wao. Mtoto akifika umri wa kuanza shule alirudishwa Ulaya, kwenye shule za bweni za kanisa kama zile za Niesky na Kleinwelka. Wakubwa walikuwa na sababu zao: maradhi ya nchi za joto yaliyoua wadogo kwa wakubwa, kukosekana kwa shule, na imani kwamba mtoto alelewe katikati ya ushirika wa nyumbani. Baba na mama walibaki Suriname, Labrador au kusini mwa Afrika. Barua ilichukua miezi. Kuonana kulichukua miaka, na wapo ambao hawakuonana tena, kwa sababu mzazi alizikwa kule alikotumwa.

Fikiria bweni la namna hiyo mwezi Desemba. Nje kuna theluji, jua linazama mchana haujaisha. Watoto wa mjini wanahesabu siku za kwenda kwa mama zao. Watoto wa wamisionari hawana pa kwenda. Bweni ndilo nyumbani. Mtu yeyote aliyesoma shule ya bweni hapa kwetu, akabaki likizo wakati wenzake wamefuatwa, anajua ukimya wa mabweni hayo ulivyo.

Basi Jumapili ya kwanza ya Majilio ikawa siku ya nyota. Wavulana walikaa vyumbani mwao wakaunganisha kila mmoja yake, kwa karatasi nyeupe na nyekundu. Rangi hizo zilikuwa na maana yake: nyeupe ni usafi, nyekundu ni damu ya Kristo. Nyota zikatundikwa, zikawashwa, na kuanzia hapo siku za kungoja Krismasi zikawa na mwanga wake. Watoto wale walipomaliza shule walibeba ujuzi huo. Wakawa mafundi, wachungaji, na wengine wakawa wamisionari kama wazazi wao. Kila walikokwenda walijua kutengeneza nyota. Ndivyo desturi ya bweni ilivyoingia majumbani, mtoto akamfundisha mtoto wake.

Ninaiona hii kuwa sehemu nzito kuliko zote katika historia ya nyota. Siwezi kuisimulia kama hadithi tamu tu. Kanisa liliwatenga watoto na wazazi wao, na uchungu ule ulikuwa wa kweli. Lakini katikati yake mtu mzima fulani aliona kwamba mtoto mpweke hahitaji hotuba kuhusu furaha ya Krismasi. Alimpa kazi ya mikono, akampa na siku maalumu ya kuifanya, kila mwaka siku ileile.

Biashara ilikuja baadaye. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, Pieter Verbeek, mmoja wa waliopita shule ya Niesky, alianza kutengeneza nyota na kuziuza katika duka lake la vitabu Herrnhut. Mwanawe aliendeleza kazi hiyo hadi ikawa karakana kamili. Shida yao kubwa ilikuwa usafirishaji: nyota iliyokwisha kugandishwa haiingii kwenye bahasha. Kwanza walitumia kiunzi cha chuma ambamo ncha ziliteleza na kukaa mahali pake. Mwaka 1925 wakapata hataza ya nyota inayojishika yenyewe bila kiunzi, ncha zake zikifungwa moja kwa nyingine. Ikawa inafunguliwa, inapangwa, inatiwa kwenye boksi, na mwaka unaofuata inatoka tena. Hapo ndipo ilipopata sifa ya kitu cha kutunza, cha kurithiwa, chenye makunyanzi ya karatasi yanayokumbusha mwaka gani nani aliikalia.

Karne ya 20 haikuwa na huruma. Mei 1945, vita vikielekea kuisha, katikati ya Herrnhut kuliteketea kwa moto, kanisa likiwemo. Mji ukaangukia upande wa Ujerumani Mashariki, na kwa miaka mingi karakana ya nyota ikawa mali ya dola, hadi iliporudishwa mikononi mwa kanisa mwaka 1968. Siku hizi ina sehemu ambako watoto wanaotembelea huketi mezani na kuunganisha nyota zao wenyewe.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1891 wamisionari wanne wa Moravian walisafiri kupitia mto Zambezi na ziwa Nyasa hadi nchi ya Wanyakyusa, wakaanzisha kituo Rungwe, chini ya mlima. Mmoja wao, George Martin, alifariki mwaka huohuo. Mwaka 1898 wakapokea pia kituo cha Urambo, Unyamwezi, kutoka kwa Shirika la Misheni la London. Kutoka vituo hivyo viwili, kusini na magharibi, ndipo lilipotoka kanisa tunalolijua leo. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, waumini wa hapa wakashikilia. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji akawekwa wakfu kuwa askofu, na leo chuo kikuu cha kanisa hilo jijini Mbeya kinabeba jina lake. Zaidi ya nusu ya Wamoravian wote duniani ni Watanzania.

Yaani kanisa lililofundisha ulimwengu kutengeneza nyota ya watoto kwa sasa ni kanisa letu kuliko la Wajerumani. Nani anawafundisha watoto wa Tukuyu, Mbozi na Sikonge kuitengeneza?

Pita Kariakoo mwezi Desemba. Mapambo yamejaa hadi barabarani: miti ya plastiki, kofia nyekundu, taa zinazobadilika rangi, utepe unaong'aa. Mzazi ananunua, anatundika mahali pa juu, na mtoto anaambiwa asiguse. Mwezi Januari nusu ya vitu hivyo iko jalalani. Simlaumu mzazi; anataka mwanawe aione Krismasi. Ninachosema ni kwamba hizo fedha zinanunua pambo lakini hazimpi mtoto ile Jumapili moja ya kukaa na baba au bibi yake mkekani, mikono imejaa gundi, wakibishana ncha hii ikae wapi. Shule zetu za Jumapili hufanya vizuri sana nyimbo na maigizo ya hori, na hilo nalisifu kwa moyo wote. Kazi ya mikono tumeiachia dukani.

Tena ujuzi tunao. Mtoto wa Pwani anayetengeneza tiara kwa chelewa za ufagio na karatasi, akaigandisha kwa uji wa muhogo, tayari ana mikono ya nyota. Wa Rungwe ana mianzi nyuma ya nyumba.

Anayetaka kujaribu kabla ya Majilio yajayo, kanuni ya nyota ya Herrnhut haijabadilika. Anza na umbo la katikati lenye nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8, pande zote ziwe na urefu mmoja. Karatasi ngumu ya boksi inatosha. Kwenye kila pembetatu weka ncha ya pande tatu; hizo ni nane. Kwenye miraba weka ncha za pande nne, za karatasi nyepesi nyeupe na nyekundu, na ukumbuke kutoboa kila uso kabla ya kubandika ili mwanga upite. Zigawe kwa watoto, kila mmoja akate zake na aandike jina lake kwa ndani. Tumia taa ndogo ya betri, usitumie mshumaa. Ncha za pande nne ziishie kumi na saba. Mraba wa kumi na nane, ule wa juu, uache wazi: hapo ndipo uzi unapofungwa na taa inapoingia.