Mbao gani kwa mwili wa gitaa la umeme? Mwongozo mfupi kwa kwaya zetu



Katika miezi iliyopita kwaya kadhaa za Goma na za vijiji vinavyouzunguka mji zimetuuliza swali moja: tukitaka kutengeneza gitaa letu wenyewe, tununue mbao gani? Wengi walipoteza vyombo vyao wakati wa kukimbia. Wengine vyombo vyao vimezeeka. Gitaa la kuagiza kutoka nje lina bei kubwa, na uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025 mambo yakawa magumu zaidi. Shingo, nyuzi na vinasa sauti (vile ambavyo vijana wetu huviita mikro) vinaweza kutolewa kwenye gitaa bovu. Mwili ndio unaoweza kuchongwa hapa hapa na seremala wetu.

Sisi si mafundi wa gitaa. Lakini tumejaribu, tumekosea mara moja kwa hasara, na mara ya pili tumefaulu. Tunaandika ili kwaya nyingine zisirudie kosa letu.

Mbao na sifa katika Maandiko

Swali hili si geni. Katika 1 Wafalme 10:11-12 tunasoma kwamba merikebu za Hiramu zilileta miti ya msandali, na mfalme Sulemani akaitumia kwa nyumba ya Bwana na kwa vinubi na vinanda vya waimbaji. Mti uliofaa kwa hekalu ulifaa pia kwa mwimbaji. Katika 2 Samweli 6:5 vyombo vya Daudi vinatajwa pamoja na miti ya mberoshi, ingawa tafsiri nyingine, zikifuata 1 Mambo ya Nyakati 13:8, zinasoma hapo nyimbo. Hata hivyo tunaona kwamba mtu fulani alichagua ubao, akaukausha, akauchonga. Kazi hiyo nayo ni sehemu ya ibada.

Je, mbao hubadilisha sauti?

Tuanze na ukweli ambao wauzaji hawausemi. Gitaa la kawaida, lenye tumbo tupu, linategemea sana ubao wake, kwa sababu ubao ndio unaotikisa hewa. Gitaa la umeme lenye mwili mzima ni jambo jingine. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya na kwenda kwenye amplifaya. Sumaku husikia chuma, haisikii ubao.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya sauti hutoka kwenye vinasa sauti, nyuzi, amplifaya na mkono wa mpigaji. Mwili hushika vitu vyote mahali pake ili uzi usipoteze nguvu. Kuna wapigaji wanaosema wanasikia tofauti ya mti na mti, na kuna mafundi wanaokataa. Sisi tunasema hivi: kama tofauti ipo, ni ndogo kuliko ile inayoletwa na nyuzi mpya au amplifaya nzuri.

Historia inatusaidia. Mwaka 1949, Leo Fender wa California alipojaribu gitaa lake la kwanza la aina hiyo, alitumia msonobari. Baadaye kiwanda chake kilitumia mti uitwao ash, na kuanzia mwaka 1956 Stratocaster nyingi zikatengenezwa kwa alder. Gibson Les Paul ya mwaka 1952 ilikuwa ya mahogany yenye kifuniko cha maple. Kampuni ya Danelectro ilitumia hata mbao za kubanwa kiwandani, na gitaa zake zinapendwa hadi leo. Miti hiyo ilichaguliwa kwa sababu ilipatikana karibu, ilikuwa na bei nafuu, na ilichongeka vizuri. Tuchague hivyo hivyo, kwa miti ya kwetu.

Na Kongo imo katika historia hiyo. Gibson Flying V na Explorer za mwaka 1958 zilitengenezwa kwa korina. Korina ni jina la biashara tu. Mti wenyewe ni limba, unaoota Afrika ya Magharibi na ya Kati, na misitu ya Mayombe upande wa magharibi wa nchi yetu inajulikana kwa mti huo.

Mambo manne ya kuangalia

La kwanza ni uzito. Ibada zetu ni ndefu, na sebene ya sifa inaweza kushika nusu saa bila kupumzika. Mpigaji wetu wa solo ni binti wa miaka 17. Gitaa la kilo tano begani mwake ni mateso.

Kuna njia rahisi ya kupima. Mwombe muuzaji akukatie kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 5. Kipime kwenye mizani ya sokoni. Gramu utakazopata zidisha mara mbili: huo ndio uzito wa mita moja ya ujazo kwa kilo. Kipande cha gramu 300 kinakuambia ubao una kilo 600 kwa mita ya ujazo.

Mwili wa kawaida wenye unene wa sentimita 4.5, ukishachimbwa nafasi za vinasa sauti, una ujazo wa lita nne na kidogo. Ubao wa kilo 450 utatoa mwili wa kilo 1.9 hivi. Ubao wa kilo 650 utatoa kilo 2.7. Ubao wa kilo 800 utafika kilo 3.4. Ongeza kilo moja na nusu kwa shingo, vyuma na nyuzi. Ushauri wetu: usivuke kilo 650.

La pili ni ukavu. Hapa ndipo tulipokosea, na tutaeleza chini.

La tatu ni kushika skrubu. Shingo na daraja la nyuzi hufungwa kwa skrubu, na nyuzi huvuta kwa nguvu siku zote. Ubao laini sana huachia.

La nne ni asili ya ubao: umetoka wapi, na nani aliukata.

Miti inayopatikana kwetu

Libuyu. Wauzaji wengi huita hivyo mbao nyekundu za jamii ya sapelli. Uzito wake ni karibu kilo 650. Ni imara na ina rangi nzuri. Ila nyuzi zake hupishana, na randa ikienda vibaya huchana uso. Nyembe ziwe kali, na mwisho tumia msasa kwa subira. Mti huu unakatwa kuliko unavyoota, na umewekwa kati ya miti iliyo hatarini.

Mkangazi, au akaju ya Afrika. Una kilo 500 hadi 600, na ni ndugu wa mahogany ya gitaa za Marekani. Kwa sauti na kwa mkono wa fundi, pengine ndio bora kuliko yote. Lakini mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES huko Panama, mataifa yalikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya mikangazi yote ya Afrika, kwa sababu imepungua.

Mvule. Karibu kilo 650. Mchwa hauupendi, ndiyo maana ni mzuri kwa milango. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, na mara nyingine ndani yake kuna mawe madogo yanayoharibu msumeno. Kwa gitaa hatuushauri.

Karatusi. Iko kila mahali na ni ya kupandwa, kwa hiyo dhamiri iko salama. Ila mara nyingi ni nzito, na ikikauka hupasuka na kujipinda. Inahitaji subira kubwa.

Grevilea. Mti huu ulitoka Australia, na wakulima wa Kivu wanaupanda kwenye mipaka ya mashamba na katikati ya kahawa. Uzito wake ni kama kilo 550 hadi 600. Ukipasuliwa vizuri huonyesha madoa ya kung'aa yenye kupendeza. Unachongeka na unashika skrubu. Vumbi lake linaweza kuwasha, basi fundi avae barakoa.

Msonobari na sipresi. Ni nyepesi, kilo 450 hadi 500. Huingia mashimo zikigongwa, lakini mwanzo wa kazi ya Fender unatuonyesha kwamba msonobari unafaa. Epuka vifundo.

Tripleksi. Si aibu. Tabaka zikibandikwa kwa gundi hadi unene unaohitajika, mwili haujipindi. Skrubu zisiingie pembeni kati ya tabaka, maana zitafunguka.

Mbao za zamani. Goma ni mji wa nyumba za mbao. Nyumba inapobomolewa, mbao zake zimekwisha kukauka kwa miaka mingi. Ng'oa misumari yote, kagua matundu ya wadudu, ondoa ubao uliooza. Mara nyingi hii ndiyo hazina ya bei nafuu.

Kosa letu

Mara ya kwanza tulitumia karatusi. Fedha ilikuwa imetolewa na akina mama wa kanisa, kidogo kidogo, wengine kutoka mauzo ya makaa na sombe. Tulikuwa na haraka, kwa sababu sikukuu ya Pasaka ilikaribia. Seremala alituambia ubao haujakauka. Sisi viongozi tukamwambia aendelee.

Gitaa lilipigwa siku ya Pasaka, na watu wakafurahi. Baada ya wiki sita mwili ulikuwa umejipinda, nafasi ya shingo imefunguka, na ufa umepita chini ya daraja. Halikuweza tena kushika sauti. Tulisimama mbele ya akina mama wale na kuwaambia kwamba kosa halikuwa la seremala. Lilikuwa letu.

Basi shika kanuni hii: ubao wa unene wa sentimita mbili na nusu unahitaji karibu mwaka mmoja wa kukauka kwenye kivuli chenye hewa. Ubao mnene unahitaji zaidi. Paka rangi kwenye ncha zake ili zisipasuke, weka vijiti kati ya ubao na ubao, usianike juani. Upime kila wiki mbili. Uzito ukiacha kupungua, ubao uko tayari. Kama huna muda huo, gundisha vipande viwili vyembamba vilivyokauka, au tafuta ubao wa zamani.

Ubao wa bei nusu

Mara ya pili tulikwenda kwenye depo ya mbao na kipande chetu cha kupima. Muuzaji mmoja alituonyesha ubao wa mkangazi, mkavu, mnyoofu, kwa nusu ya bei ya kawaida. Tulimuuliza umetoka wapi. Akacheka. Tulimuuliza kama una karatasi za ruhusa ya kukata. Akasema, Mchungaji, ubao ni ubao.

Kamati iligawanyika. Wengine walisema mti umekwisha kukatwa, na tusipoununua sisi atanunua mwingine. Neno hilo lina nguvu, na hatutaki kulidharau, maana waliolisema ndio waliochangia. Lakini sisi tunaishi kando ya Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925. Tunajua misitu yake inakatwa kwa makaa na kwa mbao, na kwamba wenye silaha hutoza fedha njiani. Baadhi ya washirika wetu walifukuzwa kutoka vijiji vyao na watu hao hao. Tungewezaje kuwaomba waimbe kwa ubao ambao huenda ulilipa risasi?

Hatukuwa na uhakika kwamba ubao ule ni wa wizi. Muuzaji hakutujibu tu. Tuliamua kwamba pale jibu linapokosekana, kanisa lisinunue. Tukakosa mkangazi, na baadhi ya wanakamati walirudi nyumbani wamekasirika.

Tulipata grevilea kwa mkulima aliyetuonyesha kisiki shambani mwake. Ubao ulikuwa umelala chini ya paa lake karibu miaka miwili. Seremala aliugundisha vipande viwili, akachimba nafasi kwa patasi, akapaka vanishi tabaka tatu. Gitaa zima lina kilo 3.9. Sasa limepita misimu miwili ya mvua na shingo haijasogea. Mmoja wa wale waliokasirika ndiye anayelibeba kila Jumapili kutoka nyumbani kwake.

Kwa ufupi

Kama unaweza kupata grevilea kavu ya shamba, chagua hiyo. Kama huwezi, tafuta mbao za zamani zilizo nzima, au msonobari mkavu. Libuyu na mkangazi nunua tu pale muuzaji anapoonyesha asili na ruhusa. Karatusi mbichi usiiguse. Fedha inayobaki iweke kwenye vinasa sauti na nyuzi, maana huko ndiko sauti iliko. Na msikilize seremala wako anaposema bado.

Tulimrudia yule mkulima na miche 20 ya grevilea, tukaipanda pamoja na vijana wa kwaya. Wao hawataipiga gitaa miti hiyo. Labda watoto wao.

Bwana awabariki, na azibariki kazi za mikono yenu.